Salamu za sikukuu: Nani hasa anaudhika?





Ndugu msomaji, mwaka jana, wiki ya mwisho kabla shule hazijafungwa, nilikuwa natoka katika kipindi cha Maarifa ya Uislamu wakati kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliponifuata mpaka kwenye ngazi. Alisubiri wenzake wapite wote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustaadh, mtu akikwambia Krismasi njema, nawe ukamjibu 'na wewe pia', unakuwa umekufuru?"

Nilimuuliza swali hilo limetokea wapi. Akanieleza kuwa tangu Kidato cha Kwanza anakaa dawati moja na kijana Mkristo. Krismasi iliyotangulia, rafiki yake huyo alimtumia ujumbe wa heri kwenye simu. Naye siku chache kabla alikuwa ametumiwa ule ujumbe ambao kila Desemba huzunguka kwenye simu zetu, usemao kuwa mwenye kutoa au kupokea salamu hizo ametoka katika dini. Akanyamaza. Shule zilipofunguliwa mwenzake alimuuliza kulikoni, akamjibu kuwa dini yake haimruhusu. Basi, toka siku hiyo wanakaa dawati lile lile lakini mazungumzo yamepungua. Ilipofika Idd, yule rafiki hakutuma chochote. Alipoulizwa alisema: "Niliogopa kukuudhi."

Neno hilo ndilo lililonikaa. Kijana wa miaka kumi na saba, katika jiji hili la Dar es Salaam ambako Mwislamu na Mkristo wanagawana ukuta wa chumba, choo na foleni ya bombani, anaogopa kumwambia mwenzake Idd Mubarak kwa kuwa ameshajifunza kwamba salamu ya dini ni kitu cha kuudhi. Nimeona nilizungumze suala hili hapa, kwa sababu nadhani wengi wetu tunalijibu kwa haraka, ama kwa ukali au kwa ulegevu, bila kuangalia linagusa nini.

Nianze na ule ujumbe wa kwenye simu. Mara nyingi unamtaja Imamu Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria, sawa na 1350 Miladia). Ni kweli kuwa katika kitabu chake Ahkam Ahl al-Dhimma amesema kuwapongeza wasiokuwa Waislamu kwa alama mahsusi za dini yao ni haramu kwa makubaliano ya wanachuoni, na akalifananisha jambo hilo na kumpongeza mtu kwa kuusujudia msalaba. Hayo yapo, na hakuna haja ya kuyaficha. Tatizo ni kwamba anayesambaza ujumbe hasemi Imamu huyo huyo ameandika nini pembeni ya maneno hayo. Hapo hapo amezungumzia kumpongeza asiyekuwa Mwislamu kwa kuoa, kupata mtoto, kurejea safari au kupona maradhi, akaeleza kuwa kwa Imamu Ahmad bin Hanbal zimepokewa riwaya mbili, moja ya kuruhusu na moja ya kukataza, na akatahadharisha tu na maneno yanayoonyesha kuridhia dini ya anayepongezwa. Na katika kitabu hicho hicho anasema kuwa Mwislamu akiwa na yakini kwamba asiyekuwa Mwislamu ametamka "assalaam alaykum" kwa ukamilifu, basi dalili za sheria zinataka ajibiwe salamu kamili, kwa kuwa huo ndio uadilifu.

Kwa maana hiyo, Imamu Ibn al-Qayyim hakuwa akiogopa mdomo wa Mwislamu kumtakia heri jirani. Alichokuwa akikilinda ni ukweli wa ulimi, kwamba Mwislamu asiseme kwa kinywa kile anachokikanusha moyoni. Sisi tunaamini kuwa Nabii Isa (AS) ni mja wa Allah na Mtume wake, na Suratu Maryam aya ya 88 hadi 92 zinakemea vikali kauli kwamba Mwingi wa Rehema amejifanyia mwana. Mwenye itikadi hiyo akisema "heri ya kuzaliwa kwa Mwokozi wetu", amesema uongo, hata kama amesema kwa tabasamu.

Wapo wanachuoni wa zama hizi waliokwenda njia nyingine. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, pamoja na Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti alilokuwa akiliongoza, waliruhusu kuwapongeza Wakristo kwa sikukuu zao, hususan wale wanaoishi nasi kwa wema na wanaotupongeza kwa za kwetu, maadamu hakuna kushiriki ibada wala kukiri itikadi yao. Walitegemea Suratul Mumtahina aya ya 8, ambayo haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Upande mwingine Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia alifuata msimamo wa Ibn al-Qayyim. Mimi binafsi sisemi "Krismasi njema". Lakini simkufurishi Mwislamu anayesema akikusudia kumtakia jirani yake siku njema, na nashangaa jinsi neno "amekufuru" lilivyokuwa rahisi kwenye vidole vya watu wasiojua hata sharti moja la kumkufurisha Mwislamu.

(Na hapa naomba niseme kidogo. Mwisho wa mwaka makampuni mengi mjini hugawa kapu la sikukuu kwa wafanyakazi, lenye mchele, mafuta, sukari na soda. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza fatwa ya kapu.)

Turudi kwenye swali la kijana, kwa sababu yeye hakuuliza juu ya kuanza. Aliuliza juu ya kujibu, na hayo ni mambo mawili. Katika Suratun Nisaa aya ya 86 Allah (SW) anatuamrisha kuwa tukiamkiwa tuitikie kwa lililo bora zaidi, au angalau turejeshe mfano wake. Ibn Abbas (RA), aliyekuwa bingwa wa tafsiri miongoni mwa maswahaba, aliichukua aya hii kwa upana wake, akasema aitikiwe yeyote anayetoa salamu, awe Myahudi, Mkristo au Mmajusi. Imepokewa pia kutoka kwake, katika al-Adab al-Mufrad ya Imamu Bukhari, kwamba lau hata Firauni angemwambia Allah akubariki, angemjibu, na wewe pia. Sasa kama Firauni anajibiwa, kijana wa dawati moja amefanya nini cha kustahiki ukimya?

Najua msomaji atanikumbusha Hadithi iliyopo katika Sahih Muslim inayokataza kuwaanza Mayahudi na Manasara kwa salamu. Ni Hadithi sahihi. Wapo wanachuoni wanaoichukua kwa ujumla wake, na wapo waliosema inahusu hali maalumu, kwa kuwa katika riwaya nyingine Mtume (SAW) aliyasema hayo akiwaambia maswahaba kuwa kesho yake anawaendea Mayahudi, wakati wa uhasama. Na Bukhari na Muslim wote wamepokea kutoka kwa Usama bin Zayd (RA) kwamba Mtume (SAW) alipita kwenye baraza iliyochanganyika Waislamu, washirikina na Mayahudi, naye akawasalimia. Wale Mayahudi waliopindisha ulimi wakamwambia mauti yawe juu yako badala ya amani, aliwajibu kwa neno moja tu, nanyi pia, na Bibi Aisha (RA) alipowajibu kwa laana, Mtume (SAW) akamkumbusha kuwa Allah anapenda upole katika kila jambo. Huyo ni aliyetukanwa kwa makusudi. Sisi tunatakiwa heri tunakunja uso.

Lakini Hadithi ambayo hunitosha kuliko zote katika suala hili ni fupi, wala haitajwi sana. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (RA). Mayahudi walikuwa wakipiga chafya mbele ya Mtume (SAW) wakitaraji awaambie ile dua tunayoambiana Waislamu, Allah akurehemu. Hakuwapa hiyo. Wala hakuwanyamazia. Aliwaombea Allah awaongoze na ayatengeneze mambo yao. Tazama alivyofanya. Hakusema asichokiamini, hakujifanya kuwa hana dini ili wasikwazike, na hakuwaacha bila neno jema. Aliwapa dua ya kidini kabisa, inayomtaja Allah kwa jina, na inayowafaa wao mahali walipo. Sijui kama kuna mfano ulio wazi zaidi ya huu.

Sasa nije kwenye upande wa pili, maana si kila kuudhika ni kwa uongo. Niliwahi kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja, shule ya wote, si ya kanisa. Mwendeshaji alifungua kwa "Bwana Yesu asifiwe". Sauti zilizoitikia zilikuwa chache. "Sijasikia!" akasema, akarudia. Mara ya tatu akasema hataendelea mpaka ukumbi wote uitikie. Mbele yangu alikaa mama mmoja amejifunika hijabu, na binti yake pembeni. Binti alimwangalia mama yake kujua afanye nini. Mama akatazama chini.

Siku ile niliudhika, na sioni haya kusema. Ila nilipotafakari njiani niligundua kuwa halikuniudhi lile neno la kwanza. Mkristo kumsifu anayemwabudu ni jambo la kawaida, wala hakuzuki dini mpya kwa kusema hivyo. Kilichoniudhi ni "sijasikia". Ni pale salamu ilipogeuka amri, na kinywa cha mtu mwingine kikatakiwa kutoa ushahidi ambao moyo wake hauna. Na tusijidanganye, nasi tunayo "sijasikia" yetu. Nimeshuhudia msemaji wa Kiislamu mbele ya mchanganyiko wa watu akitoa "Assalaam alaykum" mara tatu na kuwatania walionyamaza kuwa labda hawajanywa chai. Waliocheka walikuwa ni sisi.

Kwa kuona kero hizi wapo wanaosema dawa ni moja tu: tuondoe dini kwenye salamu. Kila mtu abaki na yake nyumbani, na hadharani tusalimiane kwa maneno yasiyo na Mungu ndani yake. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alianzisha salamu ya mikutano ya hadhara, ya kusalimia kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na wananchi wakawa wanaitikia "Kazi iendelee". Kwa kiongozi wa serikali anayesimama mbele ya watu wa dini zote na wasio na dini, sina ubishi nayo. Iliwaokoa watu na ule mlolongo wa salamu tatu nne ambapo kila kundi linasubiri kusikia ya kwake imetajwa ya ngapi. Kiswahili chenyewe nacho kina hazina katika jambo hili. Neno "sikukuu" linabeba Idd na Krismasi na Pasaka bila kugombana na yeyote, na "Heri ya sikukuu" tumelikuta kwa wazee wetu.

Wenzetu wa Magharibi salamu ya namna hiyo imewagharimu ugomvi. Huko Marekani, mwaka 2005, makundi ya Wakristo yalihimiza watu wasusie maduka ambayo wahudumu wake walikuwa wakiwatakia wateja heri ya sikukuu bila kuitaja Krismasi. Uingereza nako, halmashauri ya jiji la Birmingham iliyapa jina la Winterval matamasha yake ya msimu wa baridi ya mwaka 1997 na 1998, Krismasi ikiwa ndani yake pamoja na shughuli nyingine. Kwa miaka mingi magazeti yakaandika kuwa Krismasi imefutwa jina ili watu wa dini nyingine wasiudhike. Mwezi Novemba 2011 gazeti la Daily Mail lilichapisha masahihisho kukiri kuwa Winterval haikuibadili Krismasi jina wala kuchukua nafasi yake. Miaka zaidi ya kumi! Na muda wote huo Waislamu wa mji ule, ambao ni wengi, walisemewa kuwa wanakereka na jambo ambalo hawakulilalamikia.

Hili ndilo ninalotaka Waislamu wa mijini tulione. Ikishakubalika kuwa salamu ya dini ni kitu cha kuudhi, hesabu haitaishia kwenye Krismasi. Salamu ya Mkristo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni "habari za asubuhi". Krismasi yake ni siku moja, na Pasaka nyingine. Sisi salamu yetu ya kila siku, ya dukani, ya kwenye simu, ya mlangoni kwa mtu, ni dua, na as-Salaam ni katika majina ya Allah (SW). Siku itakapopitishwa ofisini au shuleni kuwa salamu za dini zinakwaza wengine, ya kwanza kukatazwa itakuwa ni "Assalaam alaykum", na itakatazwa mara ishirini kwa siku. Kwa hiyo Mwislamu anayepiga kelele kuwa ameudhiwa na "Krismasi njema" ya jirani, anachimba shimo mlangoni kwake mwenyewe. Haki tunayopaswa kuidai ni kwamba kila mtu aseme ya kwake bila kificho, na asilazimishwe yeyote kusema ya mwenzake.

Nimesema "tunapaswa" kana kwamba mimi nililijua hilo siku zote. Sikulijua. Mwaka niliotoka chuo kikuu nilipanga chumba Magomeni, na mlango wa pili alikaa mama mmoja wa Kilutheri, mtu mzima, umri wa mama yangu. Asubuhi ya Krismasi nilikutana naye uani ametoka kanisani. "Krismasi njema, mwalimu," akasema. Nikamjibu: "Sisi hatuna Krismasi." Akasema, "Samahani, mwanangu, sikukusudia ubaya," akaingia ndani. Nilijiona nimesimamia dini.

Miezi mitano baadaye baba yangu alifariki. Yule mama alikuja msibani nyumbani kwetu Temeke siku zote tatu, amejifunga kanga, akachambua mchele na kuosha vyombo pamoja na wanawake wa Kiislamu. Siku ya kuondoka alinisogelea, akasimama kidogo kabla ya kufungua mdomo. "Mwalimu," akasema, "kwenu nyinyi nisemeje? Nisije nikakukosea tena." Nikamwambia, "Sema pole tu, mama." Akasema, "Basi pole, mwanangu."

Hilo neno "tena" nimekaa nalo miaka kumi. Mtume (SAW) alimtembelea mtoto wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia alipougua. Abdullah bin Amr (RA) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza zaidi ya mara moja kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Mimi, niliyehitimu chuo kikuu, nilimfanya ajuza anayenitakia heri aombe ruhusa ya kunipa pole kwa kufiwa na mzazi.

Basi yule kijana nilimjibu hivi. Nilimwambia hakukufuru mtu kwa kumjibu rafiki aliyemtakia wema, lakini "na wewe pia" si jibu zuri, kwa sababu wewe huna Krismasi ya kutakiwa, na mwenzako anajua hivyo. Mjibu kwa kitu chako. Mshukuru, mtakie sikukuu ya amani yeye na wazazi wake, muombee Mungu amlinde na amwongoze. Hiyo ni dua, unaimaanisha kila herufi, na hakuna itikadi uliyoiuza. Kwenda kanisani kushiriki ibada ni jambo jingine, na hilo hatuna ruhusa nalo. Akakualika chakula cha halali siku hiyo, wanachuoni wana maneno, na tutalizungumza siku nyingine Insha Allah. Na Idd ikifika usisubiri yeye akuanze. Mpelekee pilau kwao.

Akaniuliza: "Na yeye akinijibu Amina, Ustaadh?" Nikamwambia, unataka aseme nini?

Ijumaa ya kwanza ya Januari tulikutana msikitini. Baada ya sala alitoa simu mfukoni akanionyesha. Ujumbe wake aliutuma Desemba 25 saa mbili asubuhi: "Heri ya sikukuu ndugu yangu, wewe na nyumbani kwenu wote. Mungu awalinde, awape afya na awaongoze." Chini yake lilikuwepo jibu la mwenzake, limeingia dakika moja baadaye.

"Amina. Kumbe inaruhusiwa?"

Wabillahi tawfiq.